Bi. Louise Mpawenimana, Mlezi wa Ukungu

Waombolezaji wenzetu, mimi ni Basile, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, aliyoyaandika mwenyewe kabla hajazidiwa, ila pale alipokosea nitamsahihisha.

Marehemu Bi. Louise Mpawenimana alizaliwa Kibondo tarehe 12 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari Kigoma, na mwaka 1990 akahitimu stashahada ya maabara Morogoro, akafunga ndoa tarehe 7 Septemba 1991 na marehemu baba yetu, Mwalimu Niyomwungere wa Heru Juu.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda cha shira ya muhogo hapa Kasulu, akachukua ukungu kwenye muhogo aliouvundika bibi yetu, akaulea kwenye pumba ili utoe vimeng'enya vya kuyeyusha wanga. Kila mwezi aliupanda kwenye chupa arobaini, akabakiza moja iliyozishinda zote kwa kuyeyusha, thelathini na tisa akazimwagia maji ya moto kuua ukungu wake, hata uji wa muhogo uliotaka saa tisa kulainika ukawa unalainika kwa saa moja na nusu, na wakubwa wakaja kutoka mbali kumpongeza.

Alijaliwa Dieudonné mwaka 1992, Arielle mwaka 1994, nami mwaka 1997, na nilipofeli darasa la saba mwaka 2010 alinipeleka Kibondo nikalime kwa mjomba, akisema mbele ya wageni kwamba ukungu usiozaa haupotezewi pumba.

Agosti 2024 alilazwa kwa maradhi ya figo, kaka na dada yangu wakabanwa na kazi, nikaitwa mimi, si kumuuguza, bali kuibadilishia pumba kila siku ya tatu ile chupa ya mbegu iliyozaa nyingine zote, ambayo hakumwamini mtu wa kiwandani kuishika. Tarehe 3 Februari 2025, nikitafuta kadi yake ya hospitali, nilikuta karatasi hii, na hapa ameandika kuwa anaacha watoto wawili. Iliniuma mno, nikachemsha maji. Alifariki tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, akiniuliza hali ya chupa, nikamjibu kuwa inaendelea vizuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Heru Juu kwa kuni na maharage, na wafanyakazi wenzake, ambao nimeambiwa wamekuja na sanduku la kubebea chupa hiyo; ninyi mrudi nalo tupu, kazi ya miaka kumi na mitano nimeimwaga chooni.

Upumzike kwa amani, mama wa watoto watatu.