Cheche, Mlinzi wa Lango la Kusini, Ambaye Hakuiachia Ngao

Marehemu, ambaye sote tulimwita Cheche hata alipokuwa bibi wa watu, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 ya mwezi wa tatu, mwaka wa 412 tangu kujengwa kwa ukuta. Alizaliwa katika chumba kilicho juu ya karakana ya baba yetu, mtengeneza ngao, mtaa wa pili kutoka lango la kusini. Alikuwa kifungua mimba. Mimi ninayewasomea ndiye niliyemfuata. Mama alisimulia kwamba mkunga alipompiga kofi ili alie, mtoto alimkamata mkunga kidole na kugoma kukiachia. Naomba kidole hicho mkikumbuke.

Alisoma shule ya mikuki ya kambi ya mashariki kuanzia mwaka 419 hadi 428. Alifukuzwa mara mbili kwa kupigana, jambo lililowashangaza wazazi, kwa kuwa walimpeleka pale akafundishwe kupigana. Alihitimu wa kwanza kwa upanga. Kulikuwa pia na somo la subira, lakini hilo familia imeomba tulipite.

Mwaka 429 aliajiriwa kuwa mlinzi wa lango la kusini, akapanda hadi mkuu wa zamu, cheo alichostaafu nacho mwaka 468. Hakuruhusu mtu aruke foleni. Nimepatana bei na watu wagumu maishani mwangu, lakini pale langoni, na mikokoteni yangu ya ngozi, nilisubiri juani kama wengine. Nilipomkumbusha kwamba tumenyonya ziwa moja, alinijibu, "Nyuma ya yule mwenye mbuzi, mdogo wangu."

Kuhusu ndoa. Tarehe 2 ya mwezi wa saba, mwaka 434, mlinzi wa lango la kaskazini aliingia karakanani. Huyu aliitwa Ngurumo kwa sababu mbili: sauti yake, na tabia yake ya kufika mambo yakiwa yameshatokea. Alishika ngao ya ngozi ya mamba yenye ukingo wa shaba. Kwa bahati mbaya Cheche alikuwa ameushika ukingo wa pili.

"Dada, hii nimeiagiza mimi."

"Dada yako nani? Uliiagiza lini, ndotoni?"

"Iachie."

"Iachie wewe, mwenye mikono michafu!"

Walivutana hadi barabarani. Baba akaniambia nitafute suluhu kabla hawajavunja duka la jirani. Nikawapa masharti: wakapigane uwanjani kesho yake, kila mmoja ameshika ukingo wake kwa mkono wa kushoto na upanga kwa mkono wa kulia, atakayeiachia ngao ameshindwa, na ngao ni ya mwenzake. Walikubali hata sijamaliza kusema. Hivyo sivyo watu wanavyopatana, lakini sikuwafundisha.

Kesho yake Ngurumo alichelewa.

"Nilidhani umeenda kumuaga mama," Cheche alimwambia.

"Nilikuwa nanoa upanga."

"Ungenoa akili kwanza."

Kabla ya pigo la kwanza, joka lilishuka uwanjani. Sisi wenye akili timamu tulikimbia. Wao hawakukimbia, maana ingebidi mmoja aiachie ngao. Joka likaiuma ngao katikati na kupaa nayo, wawili hao wakining'inia, mmoja huku na mwingine kule. Tuliwasikia wakitukanana mpaka walipovuka mlima. Mama alilia. Nilimwambia anyamaze, mtu anayetukana hivyo bado ana pumzi nyingi.

Yaliyotokea kwenye kiota cha joka tunayajua kwa maneno ya marehemu, na mumewe anayapinga karibu yote. Walipigana na joka wakiwa wamegeuziana migongo, kila mmoja akimfokea mwenzake kwamba anapiga vibaya. Wanachokubaliana ni kwamba joka halikushindwa kwa upanga. Lilichoshwa na ugomvi wao, likahama kiota chake lenyewe.

Walirudi kwa miguu, mvua za kwanza zikinyesha, kila mmoja ameshika ukingo wake, na kinda ambalo joka lililiacha kiotani likiwafuata nyuma. Cheche alisimama mlangoni akiwa amelowa chapachapa.

"Baba, nataka kuolewa na huyu mpumbavu."

"Mpumbavu nani?" Ngurumo akauliza.

"Nyamaza, nakuchumbia."

Walifunga ndoa tarehe 14 ya mwezi wa kumi mwaka huohuo. Bwana harusi alichelewa.

Ngao ilitundikwa ukutani juu ya kitanda chao, na pambano halikufutwa. Liliahirishwa. Kila mara niliitwa mimi kuridhia: kwanza kwa sababu ya mimba, kisha mapacha, kisha goti la shemeji, kisha lile kinda lilipoota meno na kuunguza mapazia. "Usidhani nimesahau," Cheche alikuwa akimwambia mumewe mezani. Naye alikuwa akijibu, "Nani kasema? Kula, upate nguvu za kushindwa." Sijaona nyumba yenye kelele kama ile, wala nyumba ambayo watu walichelewa kuondoka kama ile.

Mwaka 470 kifua chake kilianza kumsumbua, kwa ule moshi wa joka wa miaka mingi. Siku za mwisho aliomba ngao ilazwe kitandani. Alishika ukingo wake, mumewe akashika wake. Shemeji alitaka kumwachia ashinde. Marehemu alimwona, akasema, "Thubutu. Nitainuka nikuzabe kibao." Hakuthubutu.

Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 21 ya mwezi wa tano, mwaka 471. Tabibu alijaribu kumfungua vidole vilivyoshika ngao. Yaliyompata mkunga yakampata na yeye.

Kwa hiyo niliitwa tena. Wapo waliosema ngao ni ya aliye hai. Ngurumo aliuliza, "Ameiachia?" Hakuna aliyeweza kusema ndiyo. "Basi azikwe nayo. Na si zawadi, shemeji, wala sijashindwa. Aishike pande zote mbili mpaka nifike. Naomba kuahirisha." Kisha akaongeza, "Mwambieni nachelewa kidogo. Amezoea."

Mimi niliyeweka masharti nimeridhia, na ni mara ya kwanza naridhia jambo bila kudai chochote.

Marehemu ameacha mume, binti mkubwa, anayeendesha karakana ya babu yake, mapacha, mmoja lango la kusini na mwingine la kaskazini, ambao leo wameahidi kutogombana, wajukuu, mimi mdogo wake, na joka moja, ambalo limeombwa lisubiri nje ya ukuta kwa usalama wa maturubai.

Pumzika, dada. Amani unayo mpaka mwenzako atakapofika. Baada ya hapo hatuahidi kitu.