Zipporah Mbeyu Sanga na Pete ya Binti Yake

Mchungaji, wakwe zetu wa Kuruwitu, majirani wa Barani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Ngomeni, mimi ni Ngowa Sanga, mdogo wake marehemu, na jamaa wamenituma niwasomee maisha ya dada yangu jinsi yalivyokuwa.

Zipporah Mbeyu Sanga alizaliwa hapa Ngomeni tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa Mzee Sanga na Mama Idah, akaanza darasa la kwanza hapa hapa mwaka 1978, kisha akasoma sekondari Malindi akikaa kwa shangazi yetu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika duka moja la vito mjini Malindi, mwanzo akifuta vioo vya makabati, baadaye akiuza, hata mwenye duka akampeleka Nairobi kusomea vito, akarudi akiwa mtu wa kuitwa kila jiwe lilipoingia. Mliomwendea kabla ya kununua mnakumbuka alivyoeleza, kwamba almasi hupimwa kwa mambo manne, uzito wake kwa karati, rangi, usafi wa ndani na mkato, na kwamba watu hukimbilia ukubwa ilhali mkato ndio unaoirudisha nuru machoni, jiwe kubwa lililokatwa vibaya likabaki limezubaa kama jicho la samaki wa jana.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na Dedan Maina, fundi wa majokofu aliyetoka Nyeri, wakafanya maskani Barani, wakajaliwa mabinti wawili, Trizah mwaka 1997 na Easter mwaka 2000.

Sasa nafika kwenye jambo mnalolijua nusunusu, nasi tumekubaliana lisemwe. Jumamosi tarehe 7 Desemba 2019, Fondo, kijana wa Kuruwitu, alikuja Barani na wazee wake kumposa Trizah, akiwa na pete ya almasi aliyoinunua Nairobi kwa jasho lake. Pete ilimpwaya Trizah, ikasemwa ipelekwe kwa sonara ikapunguzwe, na shangazi yake Fondo, Mama Kahaso, kwa furaha tu, akampa dada yangu, akamwambia, "Mama Trizah, wewe ndiye mjuzi, hebu tutazamie jiwe letu."

Dada akatoa lenzi mkobani, akalielekeza jiwe dirishani, akaligeuza, kisha akasema, "Ni almasi," akairudisha.

"Mbona umeinamisha uso?" akauliza Mama Kahaso. "Sema, hapa uko kwa watu wako."

Dada akamgeukia Fondo. "Mwanangu, usikasirike. Jiwe lina ufa unaofika juu, na ufa umejazwa kioo usionekane. Moto wa sonara ukiugusa, litaingia ukungu. Aliyekuuzia hakukwambia."

Fondo akasimama, akasema, "Nimekuja kuposa, sikuja kupimwa," wakaondoka yeye na wazee wake, chakula kingali mekoni. Trizah akamlilia mamake, "Ungesema ni zuri tu, mama! Mambo ya moto ungeninong'oneza kesho," naye akajibu, "Niliulizwa mbele ya watu, mwanangu, na uongo haukunijia."

Posa ile haikurudi Barani. Fondo alikwenda kumtafuta muuzaji akakuta duka limehamishwa, aibu ikamzuia kutukabili, Trizah akamfuata, wakafunga ndoa Nairobi Agosti 2021 bila mama, na mjukuu alipozaliwa, dada yangu alimjua kwa picha alizoonyeshwa na Easter. Shemeji Dedan anasema mara nyingi dada alimuuliza wakiwa mezani, "Nilikosea, Baba Trizah?"

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa wa kusafishwa damu hospitalini Kilifi kila wiki, na Februari mwaka huu wa 2025 akalazwa. Nilikuwa kando ya kitanda Fondo alipoingia, peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Nataka kumnunulia Trizah pete nyingine. Nifundishe, nisidanganywe tena."

Dada akamfundisha kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba alitazame jiwe kabla ya kusoma cheti, aulize kama limejazwa au kutibiwa, alinganishe namba ya cheti na ile iliyochorwa ukingoni mwa jiwe, na achague mkato mzuri hata likiwa dogo. Kisha akamwambia, "Siku ile sikukuona wewe mdogo." Fondo akalia, akampigia Trizah simu, nayo haikushikwa.

Dada yetu alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Machi 2025, Trizah akiwa njiani kutoka Nairobi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Barani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa dukani, Mungu awazidishie.

Trizah, mwanangu, tangu ufike unaniuliza mama aliacha neno gani kwa ajili yako. Hakuacha, usingizi ulimchukua mapema, na mimi siwezi kukutungia. Ninachojua ni kwamba tulipomwambia uko njiani alifumbua macho, akautazama mlango, hakuyaondoa tena.

Mbeyu, tumekufikisha kwenu. Lala kwa amani, dada.