Ndugu Asukile Mwaijande, Mpigapicha wa Wanaoruka

Tarehe 30 Juni 1979 Ndugu Asukile Mwaijande atakabidhi funguo za chumba cha giza cha kusafishia picha na kustaafu, baada ya kulitumikia gazeti letu la Habari za Nyanda kwa miaka ishirini na miwili na miezi kumi na mmoja. Wengi humu ofisini wamezoea kusema ishirini na mitatu. Yeye huwasahihisha.

Aliajiriwa Iringa tarehe 1 Agosti 1956 kuosha trei za dawa za kusafishia picha. Kazi ya kusafisha filamu alifundishwa na marehemu Kalinga, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote isipokuwa Asukile. Mwaka 1963 alihamishiwa ofisi ya Mbeya akakabidhiwa kamera ya macho mawili, ile ya kuning'iniza kifuani na kuangalia kwa juu, inayotumia filamu ya picha kumi na mbili. Kamera hiyo anairudisha mwezi huu ikiwa na mkanda wa shingoni wa nne na lenzi ileile.

Hadi mwaka 1970 picha zetu za ngoma zilikuwa za aina moja. Ngoma husimamishwa, wachezaji hupangwa mstari, mikono hushushwa, kila mtu hukazia macho kamera. Ndugu Asukile alisema picha hizo zinaonyesha watu wanaosubiri basi. Mwaka uliofuata aliomba ruhusa ya kuwapiga wachezaji wakiwa hewani. Alianzia Ipogolo, kwenye sherehe ya mavuno. Alirudi na filamu nzima ambayo katika picha kumi na moja wachezaji walikuwa wameshatua. Katika moja tu palikuwa na kiumbe aliyekuwa juu kweli, naye alikuwa kuku aliyeshtushwa na ngoma. Kuku huyo bado yuko ukutani katika chumba cha giza, na tunamwomba mrithi wa Ndugu Asukile asimwondoe.

Baada ya Ipogolo alibadili namna ya kufanya kazi. Alipofika uwanjani aliifunga kamera ndani ya mfuko wake na kusimama wimbo mzima bila kupiga picha, akihesabu mapigo kwa kisigino. Waandishi vijana waliomsindikiza walidhani amechoka. Aliwaeleza kwamba ukimwona mchezaji yuko juu umeshachelewa. Mtu hupigwa picha pale magoti yanapokunjika, na magoti humsikiliza mpiga ngoma. Kwa njia hiyo alipiga picha za wachezaji kuanzia Kihesa hadi milima ya Rungwe, na wasomaji walianza kukata kurasa zetu na kuzibandika nyumbani.

Picha yake iliyojulikana kuliko zote ilitoka tarehe 19 Julai 1974, ukurasa wa kwanza. Ilipigwa Usangu, kwenye kundi la ngoma ya majembe la Mzee Budeba, aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Anayeruka ni Seni, kijana wa miaka ishirini na mbili. Jembe liko juu ya kichwa chake, magoti yamefika kifuani, na chini yake hakuna kinachoonekana isipokuwa vumbi. Tulipokea barua thelathini na nne za kuisifu.

Wiki mbili baadaye Seni alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa umebeba mpunga, akavunjika mguu wa kulia. Alifungwa plasta kwa wiki nane. Ilipofunguliwa, mganga wa hospitali alisema mfupa umeunga vizuri na kijana atembee. Seni hakutembea. Alikaa kwenye kigoda, miguu ameiinua isiguse ardhi, na kila aliyemhimiza alionyeshwa gazeti letu.

Jumatatu tarehe 7 Oktoba Mzee Budeba alishuka mbele ya ofisi yetu ya Mbeya kutoka kwenye lori la mpunga, akiwa na Mama Roza, mama yake Seni. Mama huyo alizungumza Kisukuma na Budeba akatafsiri. Aliutandaza ukurasa wa kwanza juu ya meza ya mhariri wetu, Ndugu Eliezeri, akaweka kidole kwenye vumbi.

"Anauliza, hapa mwanawe atakanyaga wapi," Budeba alisema. "Mmempandisha, hamkumshusha."

Ndugu Eliezeri alieleza kwa adabu kwamba kamera husimamisha vitu kwenye karatasi tu, na kwamba kijana aliangushwa na mkokoteni. Budeba alijibu kwamba maneno hayohayo ameyasema yeye njia nzima tangu Usangu, na kwamba kumshawishi mhariri si shida yake. Shida ni Seni, ambaye mguu wake umepona na bado unakataa kushuka. Mganga alikuwa ameonya kwamba akiendelea kukaa hivyo mguu utakauka. Wakati huo wengine wetu tulikuwa tunacheka, si kwa ubaya, lakini tulikuwa tunacheka.

Ndugu Asukile hakucheka. Aliitoa filamu ya siku ile kabatini na kuihesabu dirishani. Picha ya Seni ilikuwa ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya mgeni rasmi akipokea mbuzi.

"Mama Seni, kosa ni langu," alisema. "Alitua mbele yangu nikamwona. Nilikuwa na nafasi moja, nikamwekea mgeni wa mbuzi."

Budeba alitafsiri. Mama Roza akauliza kama huyu ndiye Bwana Picha mwenyewe. Alipoambiwa ndiye, alisema basi aje na nafasi za kutosha.

Alhamisi iliyofuata Ndugu Asukile alikwenda Usangu katika siku yake ya mapumziko, akiwa na filamu moja mpya. Yaliyotokea huko tuliyapata kwa Mzee Budeba, kwa sababu mwenyewe huwa hasimulii. Aliomba ngoma ipigwe wimbo uleule wa Julai. Kisha alilala kifudifudi uwanjani, shati lake la kazini likiwa kwenye samadi, akaiweka kamera chini kabisa ili ardhi ionekane. Alipiga picha ya kwanza ya Seni kwenye kigoda, nyayo zikiwa juu. Akampa taarifa kwamba zimebaki kumi na moja.

Seni alikuwa na ulimi mkali hata akiwa mgonjwa. Alimwambia mpigapicha kwamba atarudi Mbeya na picha kumi na mbili za kigoda, na kigoda hicho si chake bali cha shangazi. Watu walicheka. Ndugu Asukile alipiga ya pili, ya tatu na ya nne, akitaja kila mara idadi iliyobaki, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Ilipofika ya tisa watu waliacha kucheka. Mpiga ngoma mwenyewe alikuwa amechoka lakini hakuthubutu kuacha.

Ilipobaki moja, Seni aliuliza kama kweli ataondoka akiimaliza.

"Nitaondoka," alisema Ndugu Asukile akiwa bado chini. "Na gazetini tutaandika: Seni wa Usangu, ameketi."

Seni alishusha mguu wa kushoto, ule usiovunjika. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha alimshika mama yake bega, akashusha wa kulia, na akasimama. Wote waliokuwepo walitarajia kusikia kamera ikilia. Haikulia. Ndugu Asukile alisubiri, akihesabu mapigo, hadi Mama Roza alipoondoa bega lake mwenyewe na kurudi nyuma hatua moja. Kijana aliyumba, akasimama sawa peke yake. Hapo ndipo Ndugu Asukile alipofyatua.

Picha hiyo haikutoka safi. Ina ukungu kidogo, na kwa mpigapicha wa kiwango chake ni aibu. Ndugu Eliezeri aliigeuza mara mbili akasema hii si habari, ni mtu amesimama.

"Nusu ya kwanza uliichapisha," Ndugu Asukile alimjibu.

Ilitoka ukurasa wa nne, pembeni ya tangazo la sabuni. Hatukupata barua hata moja. Lakini Jumamosi tarehe 26 Oktoba kundi la Budeba lilifika kwenye mashindano ya Iringa likiwa kamili, na Seni alikuwa amesimama nyuma ya ngoma kubwa, akiipiga. Walikuwa wa tatu.

Tangu hapo Ndugu Asukile amempiga kila mchezaji mara mbili, akiwa juu na akiwa ametua. Hii ina maana kwamba filamu ya watu kumi na wawili ikawa ya watu sita, na ofisi ilimwandikia barua mbili za kumtaka apunguze matumizi. Alizisaini kuthibitisha kuwa amezisoma. Leo chumba cha giza kina masanduku manne ya picha za watu wanaotua, ambazo hatujazichapisha, na karibu kila wiki yupo mtu kutoka Mbeya, Makete au Mufindi anayefika mlangoni kuulizia ya kwake. Anapewa.

Seni alirudi kuruka Julai 1976, uwanjani Mbeya. Haruki juu kama zamani. Mguu wa kulia huchelewa kidogo. Siku hiyo Ndugu Asukile alikuwa na filamu mpya na nafasi zote kumi na mbili. Alimwacha aruke mara nyingi kadiri alivyotaka, na hakumpiga hata mara moja akiwa hewani. Picha zote kumi na mbili ni za nyayo zikigusa ardhi.

Ndugu Asukile anahamia Tukuyu na mkewe, Mama Lea, kwenye shamba la migomba analosema amelisahau kwa miaka mingi. Tunakushukuru kwa kazi, kwa uvumilivu wako na sisi tuliocheka, na kwa masanduku yale manne. Nenda salama, kaka yetu. Tunakuombea afya, mvua ya wakati wake, na siku nyingi za kukaa nyumbani kwako.