Kwa Nini Nilikuita Sikitu

Tegeni masikio, wanangu, na wewe Dereva acha kunipangia mto, mto haujawahi kumzuia mtu kufa. Naongea haraka kwa sababu naogopa. Mkiniona nacheka, ni meno tu yamezoea.

Cherehani zote mbili na chumba cha mbele chenye meza ya kukatia ni vya dada yenu Sikitu. Nimeona mlivyotazamana, wewe na Kinyozi. Miaka arobaini mmenisikia nikiwaambia wateja, pini mdomoni, “Niliomba mrithi wa mkasi, nikapewa huyu, si kitu,” nao wakacheka mpaka suruali walizoleta kupanuliwa zikatatuka. Nanyi mkacheka, mkadhani huo ndio wosia.

Kabla yake tulizika mabinti watatu. Tuliwapa majina ya vito, tukawasifu kibarazani kila mpita njia asikie, na hakuna aliyefikisha jino la pili. Bibi yenu akasema, mnamtangazia mwizi mali. Wa nne alipozaliwa nikamfunga kwa vitambaa vilivyobaki sakafuni, nikatoka nje nikasema kwa sauti: humu hamna kitu. Jina likawa hilo, na hofu ikawa yangu. Aliposhona koti lake la kwanza, mshono umenyooka kuliko wangu, nililifumua mbele za watu nikasema ni ovyo, maana nilihisi kuna anayesikiliza nyuma ya pazia. Mwanangu, uliokota nyuzi moja moja, hukulia. Mimi nililia bafuni, bomba nimelifungulia kilio kisisikike.

Sasa mwizi yule yumo humu ndani. Msigeuke. Miguu imekufa ganzi, amenishika magotini, anapanda. Sikitu, mama, sogea, leta sikio. Leo mikono yake imejaa mimi, hana wa kukushikia. Lile koti halikuwa ovyo. Sijaona mkono kama wako, na katika nyumba hii hapakuwa na kingine nilichoogopa kukipoteza. Niwie radhi. Nilikuficha vizuri mno, hata wewe mwenyewe hukujiona.

Dereva, mpe funguo. Mkononi, nione. Haya. Kinyozi, usimsumbue dada yako, aliyekula ugali wa mkasi wangu asiutukane. Mungu awaweke pamoja… na wewe, mama, akuzeeshe… usifiwe ungali hai.

Sanda… anikatie yeye. Peke yake. Na akikosea… mtu asi… asimsahihishe.