Mkono wa Kuume wa Ndugu Evaristi

Tarehe 30 Juni 1978 Ndugu Evaristi Kasian anaweka chini kikombe cha kupimia unga, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Alianza mwaka 1951 akiwa mfagizi wa wodi hapa Kasulu, akapanda hadi mpimaji wa chakula katika kituo cha lishe, na hapo akakaa. Kwa nini hakupanda tena ndiyo habari yenyewe, na kwa kuwa wakubwa waliohusika wamekwisha kuhamishiwa mikoa mingine, naweza kuisimulia bila kutetemeka.

Wasiomjua wajue kwamba ni mtu wa utaratibu kupita kiasi. Huvaa saa mbili, maana haiamini hata moja. Mizani yake huilaza chini ya kitambaa safi, na hakuna anayeruhusiwa kuiegemea.

Mwaka 1974 tulipata heshima ya kutafitiwa. Wataalamu walitaka kujua kama unga wa mahindi uliochanganywa na maharage na karanga unaweza kuwanenepesha watoto waliodhoofu. Kila mama angepewa vikombe saba kwa wiki, kwa miezi sita. Kasulu angegawa Ndugu Evaristi; Kibondo angegawa Ernesta, binti aliyetoka chuoni mwaka huohuo, ambaye ndiye mimi ninayeandika haya.

Matokeo yakaja. Watoto wa Kasulu walinawiri hadi mashati yakawabana. Wa Kibondo waliongezeka kiasi ambacho mtoto angekipata kwa kunywa maji kabla ya kupimwa. Unga ulikuwa uleule, na fomu zilijazwa vizuri pande zote mbili: saba, saba, saba. Daktari Saidi, msimamizi wa utafiti, aliyekuwa ameiona Kibondo mara moja kupitia dirisha la Landrova, hakuhitaji muda mrefu kufikiri. Aliandika kwamba ama akina mama wa Kibondo wanauza unga, ama mgawaji anauiba. Alipendekeza kituo kifungwe nami niachishwe kazi. Ndugu Evaristi alipewa cheti cha pongezi, akaahidiwa cheo, kisha akatumwa Kibondo akaone uovu wangu kwa macho yake.

Alikaa nyuma ya meza yangu siku nzima akitazama mikono yangu. Nilijaza kikombe, nikakifuta kwa rula hadi unga ukawa sawa na ukingo, nikamimina. Nikajaza tena, nikafuta tena. Kwa ajili ya rula ile akina mama waliacha kunisalimu. Siku hiyo Verediana, mama wa mapacha, alitangaza mbele ya foleni nzima kwamba nina mkono wa birika. Jioni mzee akaniuliza kwa upole, kama anayeulizia hali ya mgonjwa, nyongeza huwa naitoa saa ngapi.

Nikamwonyesha karatasi ya maelekezo. Nyongeza haikuwamo.

Kwetu sisi, anayempimia mwenzake chakula akakifuta na kuishia hapo amemtukana. Baada ya kipimo lazima mkono mmoja uliojaa ufuate, na huo hauhesabiwi, maana si kipimo, ni adabu. Nami nalijua hilo, ila nilikuwa mwoga wa karatasi. Ndugu Evaristi alikuwa ametoa nyongeza kwa kila kikombe, miezi sita mfululizo, akiandika "saba" kwa dhamiri safi kabisa. Kuandika nyongeza kungekuwa sawa na kuandika salamu.

Akaomba mizani. Alichota mara arobaini, nami nikasoma gramu. Tukagundua kwamba mkono ule una upendeleo: akimfikiria mama aliyetembea kutoka mbali, Titye, gramu sitini, akimfikiria jirani aliyechelewa, ishirini na tano. Kwa wiki, nyongeza zilikuwa zimetimia vikombe viwili na zaidi. Watoto wa Kasulu walikuwa wamekula tisa, na sayansi ilikuwa imekula saba.

Angeweza kunyamaza. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilidhani atanyamaza. Asubuhi akaandika taarifa kwa mkono wake: "Kibondo hakuna mwizi. Kosa ni la mkono wangu wa kuume. Naomba utafiti urudiwe." Ofisi ilijibu haraka kuliko kawaida yake, ikidai cheti kirudishwe. Cheo kilikwenda kwa mtu ambaye hakuwa amekosea kupima chochote, kwa kuwa hakuwa amepima chochote.

Utafiti ulirudiwa mwaka 1975: vikombe tisa vya kufutwa, kila kimoja kwenye mizani, wapimaji tukibadilishana vituo kila mwezi, na fomu ikapata safu mpya ya "Nyongeza", ya kujazwa sifuri. Watoto wa pande zote mbili waliongezeka karibu sawasawa. Ripoti iliwashukuru watu kumi na wanne, yeye hayumo. Alijaza sifuri zake zote, ila alimwomba radhi kila mama aliyemfutia kikombe. Radhi hazikuwa na uzito, tulihakikisha.

Kituo cha Kibondo kipo hadi leo, na msimamizi wake ni mimi. Tumekutana mara nyingi tangu wakati ule, na hajanikumbusha jambo hilo hata siku moja.

Basi nakumbusha mimi. Ndugu Evaristi, umewapumzisha watoto wengi na njaa, na hilo wenzetu wote wanakushukuru. Pumzika kijijini kwako Heru Juu kwa afya na amani, wewe na nyumba yako, na Mungu akuongezee miaka. Mimi nina shukrani yangu ya peke yangu: baba yangu alifariki mwaka jana, akimwambia kila aliyekuja kumtazama kwamba bintiye anafanya kazi serikalini na hajawahi kuiba.