Mkono Wangu Kwenye Mstari wa Mlangoni

Nawasalimu katika jina la Bwana, aliyetupa ngozi ya kutusitiri na mikono ya kusalimiana. Ndugu zangu, mnajua mimi si mtu wa maneno. Ndiyo maana nimeandika kwanza, polepole, nisije nikasimama hapa mbele na ulimi ukanata.

Tangu utotoni nina ukurutu. Ulianza nyuma ya magoti, ukapanda shingoni, mwisho ukashuka mikononi. Wakati wa joto nilijikuna mpaka shuka likaingia damu. Zahanati walinipa dawa ya kupaka, nayo ilinisaidia, lakini ikiisha ukurutu ulirudi, kama mgeni aliyesahau kofia yake.

Mama yangu, ambaye ameketi pale, alihangaika sana. Huku kwetu juu ya Msambweni tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, na tunajisugua kwa kumbi la nazi. Mama aliamini, nami nikaamini, kwamba magamba yale ni uchafu uliogoma kutoka. Basi alinisugua kwa kumbi na sabuni ya kufulia, kisha akanimwagia maji ya mwarobaini yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi kama kahawa. Yaliniunguza. Nikilia, naye alilia, lakini aliniambia dawa isiyouma bado haijafika. Nilipokua nikaendelea kujisugua mwenyewe. Na moyoni nikawa na imani nzito, ambayo sikumwambia mtu: kwamba Mungu ananikwangua kwa sababu kuna kitu kwangu hakipendi.

Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua. Wimbo wa mwisho ukianza tunatoka mmoja mmoja na kujipanga nje ya mlango, na kila anayetoka anampa mkono kila aliyetangulia, mpaka mstari unafika kwenye ua. Jumapili moja nilimpa mkono mzee mmoja. Aliupokea vizuri, kisha akapangusa kiganja kwenye suruali. Hakujua kwamba namwona. Simlaumu, hata mimi nisingependa kuushika. Lakini tangu siku hiyo wimbo wa mwisho ulinikuta nimeshafika barabarani.

Baadaye nikapata kazi Diani, kumwagilia bustani ya nyumba moja ya mapumziko. Wageni huja pale kukandwa kwa mafuta na majani, kwa njia ya Wahindi inayoitwa Ayurveda. Mkandaji ni Bi Mwanakombo, mama wa Kidigo aliyefundishwa kazi hiyo na mama mmoja wa Kihindi. Majani yake ya mrehani na mshubiri nilimchumia mimi, nikayaweka kizingitini na kuondoka kabla hajatoka.

Alasiri moja nilikuwa kwenye bomba nyuma ya jiko, najisugua kwa kumbi langu. Bi Mwanakombo akaja na ndoo, akasimama.

"Mwero, unaparua samaki?"

Nikaficha mikono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakuondoka. Nikamweleza kwamba natoa uchafu.

"Uchafu gani? Hiyo ni ngozi, mwanangu. Inaomba mafuta, wewe waipa fimbo."

Neno hilo lilinikalisha chini. Alipotaka kunifundisha niliogopa, nikafikiri ni uganga, nikamuuliza kama kuna maneno ya kusema. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi nasema bismillahi. Wewe sema ya kwenu."

Kwanza alinijaribia mafuta sehemu ndogo ya mkono, tukangoja mpaka kesho yake, kwa kuwa jani linalomfaa mmoja laweza kumwasha mwingine. Dawa ya zahanati aliniambia nisiiache. Basi tangu hapo, asubuhi kabla ya kuoga, najipaka mafuta ya nazi yaliyolowekwa majani ya mwarobaini. Nayakanda polepole, nangoja huku nafagia. Kisha naoga maji vuguvugu, na mahali pa sabuni natumia unga wa dengu na manjano kidogo sana. Sijisugui. Najikausha kwa kugusagusa na leso kuukuu. Jioni pakiwasha, nasaga kijiti cha liwa, ule mti wenye harufu nzuri, kwenye jiwe kwa matone ya maji, napaka, panapoa. Pia aliniambia nipunguze pilipili na papa mkavu. Hilo la papa, ndugu zangu, liliniuma kuliko ukurutu.

Nimewaza sana juu ya mwarobaini. Ni mti ule ule. Ulioniunguza ndio uliokuja kunituliza, ulipopita mkono wa upole.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha mama. Nilihofia ataona namlaumu. Alitazama mikono yangu, akaigeuza. Akachukua kumbi la bafuni, akaliweka jikoni kuwashia moto. Jioni akaniomba nimwonyeshe ile njia ya leso.

Sikupona kwa siku moja. Viwiko bado vina mabaka, na joto likizidi nawashwa. Lakini kuna kifungo kilichokatika kabisa. Yule Mungu niliyemwogopa kama kumbi sikumkuta. Niliyemkuta ananipaka mafuta.

Jumapili iliyopita nilibaki mpaka wimbo wa mwisho. Miguu ilitaka barabara, nikaizuia. Nilitoka nikinuka mwarobaini, nikajipanga. Wa kwanza kunifikia alikuwa Mama Nyevu, ambaye sote tunamjua kwa ukali wake. Alishika mikono yangu yote miwili, asiiachie, mstari ukasimama nyuma yake.

"Kumbe una mikono laini hivi," akasema. "Siku zote ulikuwa unaipeleka wapi?"

Leo ndiyo namjibu, mbele yenu nyote. Asante, Mama Nyevu. Asante, mama yangu, uliyenisugua huku ukilia. Na Bwana ashukuriwe kwa Bi Mwanakombo.

Sasa nasema na wewe uliyeketi kiti cha nyuma, karibu na mlango. Kiti hicho nakijua, kilikuwa changu. Huenda si ngozi, huenda ni jambo jingine unaloficha. Mtumaini Bwana, hakukwangui. Wimbo ukianza, usiondoke. Mimi nitatangulia kutoka, nisimame wa kwanza kwenye mstari, ili mkono utakaoanza nao uwe huu wangu.