Fisi Alivyotafutiwa Mke

Kijiwe cha Makanyagio kilikuwa na benchi moja tu, taruma la reli lililoegeshwa juu ya mawe mawili, na wote walikubaliana kutoulizana lilifikaje pale kutoka stesheni. Mwaka huo wa tisini na sita, saa kumi jioni, ungewakuta watatu walewale mbele ya birika la kahawa. Siméon waliyemwita Redio, maana hazimwi. Mabula waliyemwita Jaji, kwa kuwa aliwahi kukaa kwenye baraza la kata miezi minne kabla hajatolewa. Na Kasimiri, ambaye mji mzima ulimwita Mkwe wa Wote. Huyu ndiye mshenga. Ndoa kumi na moja zilipita mikononi mwake na alipenda sana kuzitaja, ila tangu Jumatatu hakutaja hata moja.

Jumatatu hiyo Marselina, binti wa Verdiana, alirudi kwao na mtoto mgongoni na mkono umefungwa kwa kipande cha khanga. Mwaka na nusu nyuma, Kasimiri ndiye aliyempeleka mchumba pale nyumbani, kijana mtanashati aitwaye Agustino, aliyeshuka kwenye treni ya Tabora na koti zuri. Sasa jamani, kila mtu anajua kazi ya mshenga haiishii siku ya harusi. Ndoa ikiharibika, yeye ndiye wa kwanza kufika. Siku ya nne hiyo, Kasimiri hajafika. Mtu mzima wa miaka hamsini na tano alikuwa anakatiza kwenye mihogo ya watu ili asipite mlangoni kwa Verdiana.

Basi jioni hiyo Redio aliikumbuka hadithi ya msichana aliyekataa wachumba wote, akaja kuolewa na mgeni mzuri, kumbe fisi. Akaamua kumtetea fisi.

— Hakuna aliyewahi kumsikiliza Fisi, alisema. Leo mimi ni wakili wake. Alikuja mchana, hakuvunja mlango. Akapewa kigoda, akapewa maji. Nani alimwambia fungua mdomo tuone meno?

Jaji akaafiki. Akasema fisi huyo alitoa mahari ya mbuzi wanne wazima, na fisi kufikisha mbuzi wanne bila kula hata mmoja njiani ni mapenzi ambayo binadamu hana. Redio akapanda juu zaidi: kumpeleka mke porini kosa liko wapi, si ndiko kwao? Msichana ndiye aliyefika akaanza kuwadharau mashemeji kwa sababu ya harufu. Jaji akasema hata mkia fisi hakuuficha, aliukalia tu, na siku ya kuposa kila mwanaume ana jambo lake amelikalia. Akamaliza kwamba, kwa sheria, wazazi wa msichana walitakiwa warudishe mbuzi na kuomba radhi.

Kasimiri alicheka nao. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kahawa ilimpita kooni vizuri. Kama fisi mwenyewe hana kosa, aliwaza, aliyemwonyesha njia atakuwa na kosa gani? Akachangia naye.

— Na msichana mwenyewe alimpenda, msisahau.

Alilisema, akajuta hapo hapo. Marselina hakuwa amempenda mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka amalize kujifunza cherehani kwa masista. Ni yeye Kasimiri aliyekwenda mara tatu kumwambia Verdiana kwamba kijana huyu namjua kama mwanangu. Alikuwa amemjua siku tisa tu. Desturi inamtaka mshenga apande baiskeli, afike kijijini kwao kijana, aulize majirani: ana mke mwingine? Ana mkono mwepesi wa kupiga? Agustino alisema kwao ni upande wa Kabungu, ndani ndani huko. Ilikuwa masika, barabara tope tupu, na lile koti zuri lilikuwa limeshahamia mabegani kwa Kasimiri. Akaona safari ya nini.

Jaji alikuwa bado anahukumu alipoinua macho. Marselina alikuwa amesimama mbele yao, mtoto mgongoni. Hakuwa amekasirika, na Kasimiri alitamani angekasirika. Alipiga goti kidogo, akawaamkia. Walioitikia ni wawili.

— Baba Kasimiri, mama amenituma, alisema. Wajomba wanakwenda Jumapili kwa wazazi wa Agustino, wakazungumze na wawaonyeshe mtoto. Anauliza kwao ni kijiji gani.

Redio akawa anatazama kikombe chake. Jaji alijaribu kusaidia.

— Si ulikaa naye, mwanangu?

— Tulikaa Karema kwa wavuvi, halafu machimboni. Kila nikimuuliza kwao, aliniambia kamuulize mshenga wako, yeye anapajua.

Kasimiri alifungua mdomo. Vijiji viko vingi, angeweza kutaja kimojawapo na wajomba wakaenda kuzunguka na mtoto Jumapili nzima, wakiulizia ukoo usiokuwepo. Jina lilimfika kabisa kwenye ulimi. Aliona aibu ya jina hilo kuliko aibu zote za wiki ile.

— Sikwenda, alisema.

— Wapi, baba?

— Kwao. Sikwenda kuuliza. Nilimwambia mama yako nimekwenda.

Marselina alimpandisha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, polepole.

— Basi njoo umwambie mwenyewe, alisema. Hilo mimi siwezi kumpelekea.

Akatangulia. Kasimiri aliinuka kwenye taruma akamfuata, na hakujua ataanza na neno gani atakapofika.